Verna Kowaluk Anastaafu: Mwanamke Aliyewakutanisha Wagonjwa Wetu

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, saa za kazi zitakapokwisha, Verna Kowaluk atarudisha kitambulisho chake kwa walinzi wa mlango wa mashariki, naye atakuwa amekitumikia Kitengo cha Figo cha hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuna hata mmoja kati yetu tunaobaki aliyekuwapo siku alipoanza. Madaktari wamekuja na kuondoka, upande mzima wa jengo umebomolewa na kujengwa upya, na Verna yupo palepale, kwenye meza inayotazama lifti, na kikombe cha kahawa ambacho hakuna aliyewahi kukiona kimejaa wala kimeisha.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu hakuna muuguzi mwingine aliyekaa naye chumba kimoja muda mrefu kama mimi. Habari zilipomfikia, alikuja na kuegemea mlango. "Odile," aliniambia, "andika mambo yalivyokuwa. Ukinifanya malaika, nitasimama katikati ya sherehe nikukosoe mbele za watu." Wanaomfahamu wanajua kwamba angefanya hivyo. Kwa hiyo nitajitahidi.

Verna alizaliwa katika shamba la ngano nje ya Torvik, ambako babu na bibi yake walifika kutoka Ukraine wakiwa na sanduku moja na mbegu za vitunguu saumu zilizoshonwa kwenye pindo la koti. Alisoma, akaolewa, akafanya kazi katika ofisi ya ghala la nafaka mpaka ghala lilipofungwa. Mwaka 1994 akaja mjini kuomba kazi ya kupokea simu hapa kwetu. Aliyemhoji alimuuliza anajua nini kuhusu figo. Akajibu kwamba huwa anazipika na vitunguu. Akaajiriwa.

Baada ya miaka michache alipewa kazi iliyokuja kuwa maisha yake: mratibu wa wagonjwa wa nyumbani. Hawa ni watu ambao figo zao zimekufa, na badala ya kuendesha gari nusu siku kuja kwenye mashine zetu, wanasafisha damu wakiwa majumbani kwao, kwa mifuko ya maji ya dawa inayoingia na kutoka tumboni kupitia mrija mwembamba. Wametapakaa mkoa wetu mzima wa Saskatchewan, hapa Kanada, kuanzia mpaka wa kusini hadi kwenye maziwa ya kaskazini ambako lami imeisha zamani. Wauguzi tunawafundisha, madaktari wanawapima, lori linawapelekea mifuko. Lakini anayekaa jikoni peke yake na mrija tumboni, akisikiliza upepo, anahitaji kitu kingine pia, na kitu hicho kilikuwa kazi ya Verna.

Mwanzoni alitumia simu na barua za posta. Barua pepe zilipoingia, alifungua anwani moja akaiita Familia. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mgonjwa akiwa na swali, au habari, au namna mpya ya kupika viazi bila kujiongezea madini yanayomdhuru, aliandika kwa Familia. Barua ilimfikia Verna peke yake. Verna aliisoma, akasahihisha pale palipopinda, akapunguza makali, kisha akaipeleka kwa wengine wote huku anwani zao zikiwa zimefichwa. Majibu yalirudi kwake, akayapitisha vilevile. Hakuna mgonjwa aliyemjua mwenzake isipokuwa kwa jina la kwanza. Wote walimjua Verna.

Alikuwa hodari. Kuna watu walioishi miaka mingi kwa sababu Verna aliiona huzuni ndani ya sentensi mbili zilizohusu hali ya hewa, akanyanyua simu. Kuna ndoa aliyoiokoa, na wenyewe wapo, watakuwepo kwenye sherehe, kwa hiyo sisemi zaidi.

Alihariri kwa mkono mzito. Shahidi mkuu ni Alphonse Morin, mfugaji wa ng'ombe kutoka upande wa Ziwa la Bear Slough, mwenye moyo dhaifu na ulimi mkali. Siku moja Alphonse alikuja kliniki, akapita mapokezi bila kusalimia mtu na kusimama mbele ya meza ya Verna.

"Wewe mama, umenifanya nizungumze kama padri!"

"Ulikuwa umemtukana waziri wa afya mara tano, Alphonse."

"Mara sita."

Verna akafungua kompyuta, akaisoma tena ile barua, akakuta ni kweli. Tusi moja lilikuwa limepita chini ya pua yake na kuwafikia wagonjwa wote wa mkoa. Alphonse alitoka pale akitembea kama mtu aliyeshinda mbio.

Terrence Dyck wa idara ya kompyuta ndiye wa kwanza kumwambia kwamba mambo hayawezi kuendelea hivyo. Terrence ni mtu mpole, mrefu, anayeomba radhi kabla ya kuketi. Alikuja na kiti chake, akamweleza kuna kitu kinachoitwa orodha ya kikundi: anwani moja, wagonjwa wote wamo, akiandika mmoja inawafikia wote papo hapo, akijibu mmoja wote wanasoma, na barua za zamani zinabaki mahali ambapo mgeni anaweza kuzitafuta. Asiyependa anajiondoa mwenyewe.

"Na mimi nakuwa wapi?" Verna aliuliza.

"Wewe unakuwa msimamizi. Unaongeza watu, unatuliza wakigombana."

"Sasa hivi hawagombani."

"Sasa hivi hawaonani, Verna."

Akamwambia pia jambo ambalo wakati ule hatukulitilia maanani. Barua inayopelekwa mbele kutoka sanduku moja hadi jingine, alisema, huko inakokwenda inaonekana kama bahasha iliyobadilishiwa jina la mtumaji njiani. Kampuni za barua pepe zinazidi kuwa na wasiwasi na barua za namna hiyo, na siku nyingine zinazitupa kwenye taka bila kumwambia mtu. Verna alimsikiliza, akampa kipande cha keki ya mbegu za mchicha mwekundu aliyooka mwenyewe, akamrudisha idarani kwake. "Hawa ni watu wangu," aliniambia Terrence alipoondoka. "Mtu akiandika akiwa ameumia, kuna mtu lazima asome kwanza. Siwezi kumwachia mashine."

Sikuona kosa katika maneno hayo. Hata leo silioni.

Agosti iliyofuata Verna alichukua likizo, kitu ambacho kwake kilikuwa nadra kama mvua ya Januari katika theluji yetu. Alikwenda kwenye nyumba ya dada yake, ziwani, msituni. Hakutaka wagonjwa wakae bila mtu, kwa hiyo kabla ya kuondoka alipanga anwani ya Familia ielekeze kila barua kwenye sanduku lake la nyumbani, ambalo angeweza kulifungua kwa simu. Kila siku alipanda kilima kidogo nyuma ya nyumba, mahali penye mtandao, akaangalia. Sanduku lilikuwa tupu. Akamwambia dada yake kwamba watu wake wanaendelea vizuri, jua limewachangamsha. Akashuka kuogelea.

Sanduku lilikuwa tupu kwa sababu barua zilikuwa zinaishia kwenye folda ya taka, pamoja na matangazo ya dawa za kuotesha nywele.

Moja ya barua hizo ilitoka kwa Yvonne Merasty. Yvonne ni mke wa Isaac, fundi wa injini aliyestaafu, na wanaishi Bear Slough. Yeye ndiye anayemuunganisha Isaac na mifuko kila siku. Asubuhi moja aliona maji yanayotoka tumboni mwa mumewe hayako safi. Yalikuwa na ukungu kidogo, kama maji yaliyosafishia mchele. Isaac alisema hana maumivu. Yvonne alikuwa na namba yetu ya simu ya dharura, imebandikwa kwenye friji. Lakini ni mwanamke asiyependa kusumbua, na alishawahi kupiga mara moja kwa jambo dogo akaona haya wiki nzima. Akaona awaulize wenzake kwanza. Akaandika kwa Familia: je, kuna ambaye maji yake yamewahi kuwa hivi?

Mgonjwa yeyote mwenye uzoefu angemjibu kwa neno moja: piga simu. Ukungu ule ni maambukizi, nayo hayasubiri. Barua haikumfikia hata mmoja. Yvonne alingoja siku hiyo, na iliyofuata. Isaac aliletwa kwetu kwa ndege ya wagonjwa akiwa anaongea na watu wasiokuwepo chumbani.

Alipona. Naliandika hili mapema ili msomaji apumue. Lakini ilichukua wiki nyingi, na kwa siku kadhaa hatukujua.

Verna alirudi kutoka ziwani akiwa na rangi ya jua usoni na ndoo ya matunda ya msituni kwa ajili yetu. Mimi ndiye niliyemwambia. Aliiweka ndoo sakafuni, akafungua simu yake pale pale, akatafuta kwenye folda ambayo hakuwahi kuifungua maishani, akaikuta barua. Aliisoma akiwa amesimama. Kisha akapanda ghorofa ya tano.

Yvonne alikuwa ameketi kando ya kitanda, anafuma soksi. Verna akavuta kiti. Nilikuwa nabadilisha dripu ya Isaac, nikasikia yote.

"Yvonne, barua yako ilikuja kwangu. Sikuiona. Iliangukia mahali nisipotazama."

Yvonne aliendelea kufuma. "Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani nimeuliza swali la kijinga. Nikasema, ndiyo maana watu wote wamenyamaza."

 Verna alimshika mkono ule wenye sindano za kufumia, wakakaa hivyo mpaka nikamaliza kazi yangu na kutoka.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Terrence kabla Terrence hajavua koti. "Nionyeshe hiyo orodha yako," alisema. Mtu mwingine angesema "nilikwambia", lakini Terrence aliomba radhi kwa vumbi lililokuwa kwenye kiti.

Walikaa siku kadhaa wakipanga, na napenda wafanyakazi wapya walielewe hili, kwa sababu watu hudhani Verna aliamka siku moja akachagua kimoja akatupa kingine. Haikuwa hivyo. Aliuliza kila barua inataka nini. Kama ni hatari, si ya barua hata kidogo, ni ya simu, ndiyo maana sasa chini ya kila ujumbe wa kikundi kuna sentensi hizi: "Maji yakiwa na ukungu, usiandike. Piga simu sasa hivi." Kama ni jambo la ofisi, mfano miadi au lori lililochelewa, anwani inayoelekeza barua inatosha, mradi iende kwa wauguzi wote wa zamu kwa pamoja, kwenye masanduku ya hapa hapa hospitalini, isitegemee mtu mmoja aliye kilimani anatafuta mtandao. Lakini kama ni mgonjwa anataka kumsikia mgonjwa mwenzake, basi wote wawe chumba kimoja, na mlango usiwe na bawabu.

Msimamizi wetu wa wauguzi, Colleen Bystrom, alikataa. Colleen hana roho mbaya. Analinda siri za wagonjwa kama tai anavyolinda mayai, na ana haki. Alisema kwenye orodha kila mtu ataona jina na anwani ya mwenzake, na kwa kuona jina atajua ugonjwa wake.

"Siri ni yao, Colleen," Verna alisema. "Si yangu wala si yako. Mimi nimeishika miaka yote hii bila kuwauliza kama wanataka niishike."

"Na wakikataa?"

"Atakayekataa hataingia. Tutawauliza."

Aliwauliza kweli, mmoja mmoja, kwa simu. Ilimchukua vuli nzima. Alimweleza kila mtu faida na hasara bila kupamba: utasomwa na usiowajua, na neno likishatoka halirudi. Wengi walikubali kabla hajamaliza. Wachache walikataa. Mwalimu mmoja hakutaka wazazi wa wanafunzi wake wajue. Bwana mmoja mzee alisema hajawahi kupenda watu na hataanza sasa. Hao Verna aliendelea kuwapelekea matangazo kwa njia ya zamani, anwani zimefichwa, hadi leo, na hakuna aliyewahi kuwaona kama wagumu. Colleen aliweka masharti yake kwa maandishi, akatia sahihi.

Orodha ilifunguliwa Novemba, na kwa wiki chache ilikuwa vurugu tupu. Watu waliokaa kimya miaka walikuwa na mengi ya kusema. Walijadili mifuko, mirija, wakwe, mpira wa magongo, na kama unga wa perogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, unatiwa yai au hautiwi, mjadala uliomfanya mama mmoja kutoka kusini ajiondoe kwa hasira na kurudi baada ya siku mbili kuona umeishia wapi. Kwa waliolalamika kwamba simu zao hazitulii, Terrence aliweka muhtasari mmoja kila jioni.

Kisha Alphonse Morin, akikusudia kumwandikia mkewe Claudette aliyekuwa dukani, akabonyeza jibu la wote. Mkoa mzima wa wagonjwa ukasoma: "Mpenzi usisahau chupi zangu, zile za zamani lastiki imekufa, jana imeniangusha mbele ya ng'ombe."

Majibu yalimiminika. Wapo waliompa pole, wapo waliopendekeza kamba, na mwingine aliuliza ng'ombe walisemaje. Isaac Merasty, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali na hajaandika neno tangu Agosti, aliandika kwamba yeye ni fundi, na kama Alphonse ana mkanda wa feni wa trekta anaweza kumshonea. Yvonne aliniambia baadaye kwamba siku ile ndiyo alimsikia mumewe akicheka tena.

Verna aliyasoma yote akiwa mezani pake. Mkono ulikuwa juu ya kibodi.

"Odile, ile ya kamba ningeikata," alisema.

"Najua."

"Na ile ya ng'ombe."

"Ya ng'ombe ndiyo nzuri kuliko zote."

Aliutoa mkono, akaukalia. Sitanii, aliukalia. Asubuhi zake zilikuwa zimebadilika. Zamani alikuwa anafika akikuta barua zinamsubiri, kila moja imeandikwa kwake. Sasa alikuwa akifika akikuta maswali yameshaulizwa na kujibiwa, na wakati mwingine yamejibiwa vizuri kuliko ambavyo angejibu yeye. Hakulalamika. Alianza tu kupanga upya makabati ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Februari ikaja dhoruba ambayo mkoa huu bado unaizungumzia. Theluji ilianguka siku mbili mfululizo, upepo ukaifanya ukuta, barabara kuu zote zikafungwa. Lori la mifuko lilikuwa limekwama kwenye kituo cha mafuta upande wa kusini. Umeme ulikatika miji mingi, pamoja na kwa Verna. Mimi nilikuwa zamu, nimelala hospitalini kwa kuwa hakuna wa kunipokea.

Asubuhi Alphonse alipiga simu. Alibakiwa na mfuko mmoja. Kwa mgonjwa mwingine ningesema tusubiri greda lifungue njia, lakini kwa moyo ule wa Alphonse maji hujaa mapafuni upesi, na greda lilikuwa linatarajiwa kesho, labda. Niliwapigia simu polisi, nikawapigia watu wa gari la wagonjwa. Kila mmoja alitaka kusaidia na hakuna aliyeweza kutoka. Nilimrudia Alphonse nikamwambia tunaendelea kutafuta, apunguze kunywa, akae wima kitini. Hakutukana hata mara moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alipokata simu aliandika kwenye orodha. Maneno machache: nimebakiwa na mfuko mmoja, njia zimefungwa, nipo Bear Slough, kuna mtu yeyote karibu?

Yvonne alijibu kabla sijamaliza kuisoma.

"Bear Slough upande gani?"

"Kusini ya ziwa. Penye ghala jekundu."

"Ghala jekundu lenye paa lililobonyea?"

"Ndiyo, na usilicheke, ni la baba yangu."

"Alphonse, ghala hilo ninaliona kutoka dirisha la jikoni kwangu. Nimeliona kila siku kwa miaka kumi na mmoja."

 Nadhani kila mtu mkoani alikuwa anafikiria jambo lile lile. Familia mbili zenye mrija mmoja na hofu moja zilikuwa zimeishi zikitazamana ng'ambo na ng'ambo ya ziwa, kila moja ikidhani iko peke yake.

Kisha Isaac akaingia. Yeye alikuwa na mifuko ya kutosha wiki mbili, kwa kuwa tangu ugonjwa wa Agosti Yvonne huagiza mapema. Mama yule wa kusini, aliyekasirikia perogi, akauliza swali lililotakiwa kuulizwa: je, kifuniko ni rangi gani, maana nguvu ya dawa hutofautiana? Kijani, wakasema wote wawili. Nikawapigia simu, nikawaambia wanisomee namba zilizoandikwa kwenye mifuko, nikampata daktari, akaidhinisha. Adhuhuri upepo ulitulia ingawa barabara zilibaki zimezikwa. Barafu ya ziwa mwezi wa pili inabeba lori. Yvonne Merasty, mwanamke asiyependa kusumbua watu, alifunga maboksi kwenye sleji ya kuburuta juu ya theluji, akaifunga sleji nyuma ya pikipiki ya theluji, akawasha.

Wote tulikaa tunangoja. Hakuna aliyeandika mzaha. Mwishowe ikaja picha iliyopigwa na Claudette: Yvonne katikati ya jiko lao, nyusi zimeganda barafu, Alphonse kitini akiwa amemshika mikono yote miwili na kuilaza usoni pake. Chini Alphonse mwenyewe ameandika: "Mifuko imefika. Nimemwambia huyu mama akae kwa chakula, anasema hataki kusumbua. Nimefunga mlango."

Umeme ulirudi kwa Verna siku iliyofuata. Aliisoma habari nzima mara moja, kuanzia juu hadi chini, ikiwa imeshaisha. Akanipigia.

"Odile. Hakuna aliyeniuliza kitu."

"Hapana."

"Hata mmoja hakuandika, Verna yuko wapi." Nilisikia akivuta pumzi. "Ingekuwa mwaka jana, barua yake ingekuja kwangu, na mimi nipo gizani na simu imekufa."

Nikadhani analia, na labda alikuwa analia. Kisha akasema, "Haya, niache nikafute theluji mlangoni, si nina kazi nyingine," akakata.

Tangu siku hiyo sikumwona tena akiukalia mkono wake. Alijifunza kazi mpya akiwa na umri ambao wengine wanahesabu siku za kuondoka. Aliwakaribisha wageni kwa jina, akawatuliza wenye hasira kando, akawapigia simu walionyamaza, kwa sababu kwenye chumba chenye kelele ni yeye tu aliyekuwa anasikia nani hajaongea. Hospitali nyingine mbili zimekuja kujifunza kwake, na kila mara amewapeleka kwanza kwa Terrence, akiwaambia kwamba yeye alichelewa kumsikiliza. Mwaka uliopita alipewa cheti cha utumishi bora. Yuko nacho nyumbani, juu ya mashine ya kufulia.

Imebaki habari moja, nayo ni ya wiki hii. Katika yale masharti ya Colleen, lipo linalosema kwamba mfanyakazi anayeacha kazi anatoka kwenye orodha, bila kujali ni nani. Wagonjwa walipolijua waliandika kwa Colleen, wengine kwa ukali, wakitaka Verna abaki. Colleen, nalisema kwa heshima yake, alikuwa tayari kufumba macho. Verna ndiye aliyekataa. Alisema mgonjwa aliyejiunga jana hajakubali kusomwa na bibi kizee wa Torvik anayelima vitunguu saumu.

Alijiondoa Jumatatu badala ya kungoja Ijumaa, ili wamzoee Shauna, mratibu mpya, yeye akiwa bado yupo karibu. Tulisimama nyuma yake, mimi na Terrence na Colleen. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Aliikodolea macho. "Inauliza kama mama mkwe," alisema, akabonyeza. Kisha akageuza kiti akatuuliza nani anakwenda kula.

Kwa hiyo, Verna, wasifu huu utakapotumwa kwenye orodha Ijumaa asubuhi, utawafikia wote isipokuwa wewe. Hii uliyoishika mkononi ni nakala yako, tumeichapa kwa herufi kubwa kwa sababu miwani umeisahau tena. Kurasa zilizobanwa nyuma yake ni za wagonjwa. Wameandika tangu Jumatatu mchana, ulipokuwa umeshatoka na huwezi kuwasoma, na hawajaacha. Yule bwana mzee asiyependa watu ameomba aongezwe kwenye orodha kwa siku moja, ili naye aandike. Ukurasa wake ni wa kwanza.

Tunakushukuru kwa kila barua uliyoibeba, na kwa ile siku uliyokubali kuacha kuzibeba. Nenda ukapumzike, ukalime, ukaogelee mpaka vidole vikunjamane. Tunakutakia afya, watu wa kukutembelea bila kupiga simu kwanza, na asubuhi nyingi zisizo na haraka.